Kabla hujaandika nenosiri la seva yako ukiwa ofisini

Nina seva ndogo nyumbani: Nextcloud ya mafaili, Immich ya picha, Vaultwarden ya manenosiri. Nilipoanza kazi mpya nikakabidhiwa kompyuta isiyoruhusu kusakinisha chochote, na nikatamani sana kuyafikia mafaili yangu wakati wa mapumziko. Wiki nzima nilihangaika, na nilichojifunza kinaweza kukupunguzia mahangaiko.

WireGuard, VPN (handaki lililofichwa hadi nyumbani) ninayoitegemea kwenye simu, ilikufa mapema. Ni programu ya kusakinishwa, halafu husafiri kwa UDP, mojawapo ya njia za kusafirisha data, kwa kawaida kupitia poti (mlango wenye namba wa mtandao) 51820, na mitandao mingi ya ofisi haipitishi hiyo. Nikajaribu Nextcloud kupitia poti 8443. Ukurasa ukazunguka weee, mwisho ukaniambia muda umekwisha. Mara nyingi kinachoachwa wazi ni poti 80 na 443 tu, zile za tovuti za kawaida.

Basi huduma zote nikaziweka nyuma ya Caddy, programu ya seva ya tovuti inayopokea kila mgeni kwenye poti 443 na kumpeleka panapohusika kwa kutazama jina alilouliza. Vyeti vya usalama vya tovuti, vinavyotolewa bure na shirika la Let's Encrypt, inaviomba na kuvihuisha yenyewe. Nunua domeni (jina la tovuti) yako mwenyewe, kwa sababu majina ya bure ya DNS huzuiwa mara kwa mara, na hata domeni iliyosajiliwa juzi huweza kukataliwa kwa muda. Tazama pia anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani mtoa intaneti amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua poti hakutakusaidia. Hapo utahitaji kitu kama Cloudflare Tunnel, ambayo muunganisho wake huanzia ndani ya nyumba kwenda nje.

Siku ukurasa ulipofunguka ofisini nilifurahi mno. Kidole kilikuwa tayari kwenye nenosiri. Sijui nini kilinituma nibofye alama ya kufuli kando ya anwani na kufungua maelezo ya cheti. Pale panapoonyesha aliyekitoa nilitarajia Let's Encrypt. Palikuwa na jina la mwajiri wangu.

Maana yake ni kwamba proksi ya ofisi, yaani seva iliyo kati yako na intaneti, huyafungua mawasiliano katikati ya njia, huyakagua, kisha huyafunga upya kwa cheti chake, na kompyuta ya ofisi imeshawekewa mipangilio ya kukiamini. Kivinjari hakilalamiki hata kidogo. Nenosiri linaweza kusomeka hapo. Msimbo wa mara moja nao hautakuokoa, kwani kidakuzi kinachokutambulisha baada ya kuingia hupita njia ileile. Nilifunga ukurasa bila kuandika herufi hata moja, na ninakusihi nawe ukague cheti kabla ya jambo lolote jingine. Hata ukikikuta ni cha Let's Encrypt, kumbuka kompyuta yenyewe si yako, na anayeisimamia anaweza kuona mengi yaliyo kwenye kioo.

Wapo wanaoshauri kupitisha SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali inayoweza pia kuwa handaki, kwenye poti 443 ili kukwepa vizuizi. Mimi siungi mkono kabisa. Unakuwa umetoboa ukuta wa mtandao unaolinda kazi za watu wengine, na tundu hilo hupitisha vitu pande zote mbili: virusi vya nyumbani vikiingia, utajibu wewe.

Nilichofanya ni kuwaandikia watu wa TEHAMA, nikawaeleza wazi ninachotaka. Walijibu kwa upole kuliko nilivyotegemea: kusoma vyangu kwa kivinjari wakati wa mapumziko ni sawa, handaki la aina yoyote hapana, na faili la kampuni lisiende nyumbani kamwe. Omba jibu la namna hiyo kwa maandishi.

Sasa manenosiri na picha nazifungua kwenye simu yangu tu, kwa bando langu, kupitia WireGuard. Kwa kompyuta ya ofisi nimetenga folda moja ya Nextcloud yenye makala za kusoma na maandishi ambayo hata yakisomwa na mtu hayanidhuru. Naifikia kwa kiungo cha kushiriki, cha kusoma tu, chenye nenosiri lisilotumika kwingine popote. Nimekiwekea kiishe kila Ijumaa, na Jumapili usiku natengeneza kingine.