Dogo, tazama ubao kabla ya kuvua glavu

Nimeona tena kambini kwetu, kambi ya hoki ya barafu: timu inaongoza 3-0, dogo anavua glavu ili apigane. Kwa nini? "Nionekane, kaka." Haya, umeonekana. Sasa kaeni chini, maenforsa wa kesho, ninyi mtakaowalinda wenzenu kwa ngumi.

1. Ubao wa matokeo kwanza. Mkiwa mbele, ugomvi unawaamsha waliolala. Mimi hili nililijua na bado nikaharibu. Tulikuwa ugenini, tunaongoza 2-1, kipindi cha tatu kinayoyoma. Beki wao akambamiza senta wetu ukutani mpaka kioo kikatikisika. Sikuuliza. Nikamfuata, glavu chini, nikamkaba jezi, nikampa mbili za haraka. Naye akajibu, kwa hiyo dakika tano za adhabu za kupigana, zake na zangu, zikafutana. Ila refa alishaona nani kaanza: dakika mbili nje kwa uchokozi, zangu peke yangu, na kumi za utovu wa nidhamu. Muda uliobaki haukufika hata kumi, nikafukuzwa vyumbani. Nimekaa pale, barafu kwenye vidole, nasikia honi ya goli ikilia ng'ambo ya ukuta. Wenzangu walikuwa wanne dhidi ya watano. Baadaye ikalia tena. Kocha aliingia akanipita kama kiti. Kilichoniuma zaidi ni senta mwenyewe, anafungua kamba za viatu vya barafu taratibu: "Kaka, alinigonga kihalali. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa."

2. Funga kamba ya jezi, ile inayoishikiza kwenye suruali. Rob Ray, enforsa wa Buffalo, alikuwa akiichomoa jezi ili mpinzani akose pa kushika, ndipo ikaja sheria ya kuifunga. Kutolewa nje kwa sababu ya kamba ni aibu.

3. Ndondi za gym hazitoshi. Barafuni mkono mmoja unashika, mwingine unapiga. Ukirusha yote miwili utajikuta chali.

4. Ukipigwa kichwani ukaona maruweruwe, mwambie daktari usiku huohuo. Enforsa Derek Boogaard alifariki 2011 akiwa na miaka 28, pombe na dawa za maumivu kwa pamoja, na ubongo wake ukakutwa na CTE, ugonjwa wa kupigwa kichwa mara kwa mara. Wa Bob Probert, enforsa mwingine, pia. Hapa sitanii.

5. Jifunzeni kucheza, jamani! Tiger Williams ana rekodi ya NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, ya dakika zaidi ya 3,900 za adhabu, lakini alifunga pia magoli 241. Ligi ya vijana ya Quebec tangu 2023 ukipigana unatolewa mchezoni. Kama unajua ngumi tu, utakula nini? Kesho alfajiri barafu iko wazi. Tutateleza kinyumenyume mpaka mapaja yawake moto, na atakayechelewa atabeba mabegi ya wote.