Mwanangu, ulichoniuliza kuhusu funguo

Machame, Jumamosi jioni

Mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliusoma Jumanne usiku, nikausoma tena alfajiri, na tangu hapo nimekaa nao. Sikutaka kukupigia simu. Ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, na kazi ya kumbembeleza baba umeifanya tangu ukiwa mtoto. Kwa hiyo naandika.

Umesema mumeo alichelewa kurudi, funguo zikamponyoka mlangoni, na kabla hujajua unafanya nini ukajikuta nyuma ya mlango wa stoo, umembeba mtoto, umebana pumzi. Halafu ukaniuliza: "Baba, mchungaji wetu anafundisha kwamba aliyesamehe amesahau. Mimi nilishasema nimekusamehe. Mbona mwili wangu haujui?"

Habari ya funguo sikuijua mpaka ulipoiandika. Nilimuuliza mama yako. Alinyamaza muda mrefu, mwisho akaniambia kwamba mlikuwa mnasikiliza kitasa. Ufunguo ukiingia mara moja, mnageuka upande mnalala. Ukianza kukwaruza-kwaruza, wewe unamshika mdogo wako mkono, mnaingia stoo, mnajibanza nyuma ya magunia ya mahindi mpaka nilale. Miaka yote hiyo nilidhani nawakuta mmelala.

Basi nianze kwa kuyataja, maana hata kwenye toba nimezoea kusema "nilikuwa mlevi" kama mtu anayesema aliwahi kuugua malaria. Niliuza cherehani ya mama yako. Ada yako ya kidato cha pili niliinywa, nikakwambia nimeibiwa kwenye daladala, nawe ukaniombea kwa ajili ya wezi hao. Siku ya Kipaimara chako, mwaka 2007, nilikuja kanisani nimelewa, nikasimama wakati watu wamekaa, nikaliita jina lako kwa sauti mbele ya Askofu na usharika mzima. Na usiku ule ambao wewe na mimi tunaujua, nilikupiga. Ulikuwa hujafanya kosa lolote. Nakuandikia hili ulishike mkononi: ulikuwa hujafanya kosa lolote.

Sasa swali lako. Mwili unajifunza, mama, na hausomi mahubiri. Nakumbuka wangu.

Mwaka 2008 niliombewa kwenye mkesha, nikaanguka chini, nikaambiwa nimefunguliwa. Naamini Mungu alinigusa usiku ule na hata leo silikani hilo. Lakini niliambiwa pia nisiguse dawa wala hospitali, kwamba dawa ni kumtilia Mungu shaka. Mimi nilikuwa nimekunywa kila siku kwa miaka 14. Mbege ilikuwa ya kukaa na watu. Viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, nilivitembeza mfukoni mwa koti, na asubuhi nilizimua ndipo niweze kushika kalamu. Mwili wa namna hiyo ukikatiwa pombe ghafla, unaasi. Siku ya kwanza nilitetemeka. Siku ya pili nilitoka jasho nikaona panya ukutani ambao hawakuwapo. Siku ya tatu nilianguka degedege sebuleni, na wewe ndiye uliyekimbia kwa jirani mwenye pikapu. Hospitalini walinipa dawa za kutuliza, wakawa wanazipunguza kidogo kidogo kila siku, pamoja na vitamini B1, ambayo mnywaji wa muda mrefu huishiwa nayo, na ikikosekana ubongo huharibika. Daktari aliniambia wazi kwamba kuacha ghafla bila uangalizi kunaua watu.

Niliokoka, na bado mwili wangu ulihitaji wodi. Hata baada ya wodi, hamu haikuondoka siku moja. Serikali ilipopiga marufuku viroba, Machi 2017, nilikuwa na miaka tisa bila kuonja tone, na bado nilipopita dukani nikaona ile kamba ya kutundikia viroba juu ya kaunta haina kitu, magoti yalilegea kwa kushukuru. Miaka tisa, mwanangu! Kama mwili wangu umeruhusiwa kukumbuka pombe niliyoipenda, nani atakulaumu wako kwa kukumbuka mkono ulioupiga?

Kwenye kikundi chetu, kile cha Alhamisi kwenye chumba cha shule ya Jumapili, tunasoma zile hatua kumi na mbili za walevi wa Marekani. Najua mwanzoni hukukipenda, uliona kama nimetafuta kanisa la pili. Asili yake ni hii. Mwaka 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alikuwa Akron, Ohio, biashara imemwendea vibaya, yuko peke yake hotelini na baa inasikika. Badala ya kuingia baa alipiga simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari aitwaye Bob Smith, aliyekubali kumsikiliza dakika 15 tu. Wakaongea saa nyingi, na hapo ndipo kilipoanzia chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, Alcoholics Anonymous, chenye hatua hizo. Wote wawili walikuwa wamepitia ushirika wa Kikristo uliokuwa ukiitwa Oxford Group, ulioanzishwa na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri kama wetu, ambako watu walikaa pamoja wakaungama makosa yao kwa sauti. Bibi yako asingeshangaa hata kidogo. Yeye alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliotoka Gahini kule Rwanda miaka hiyohiyo ya 1930, na maisha yake yote alikuwa akisema dhambi isiyotajwa inaota mizizi.

Lakini ninayetaka umjue ni Lois, mke wa Bill. Alivumilia ulevi wa mumewe miaka mingi, akifanya kazi dukani kulisha nyumba. Hatimaye Bill akaacha pombe. Jumapili moja, mume akiwa mzima, hanywi, akamwambia mkewe wajiandae waende kwenye mkutano, Lois akashika kiatu akamrushia. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza sikuielewa. Mbona hasira ije baada ya ulevi kwisha? Sasa naielewa. Wakati nyumba inaungua hakuna mwenye nafasi ya kuangalia mkono wake ulioungua. Hasira husubiri mpaka kuwe na usalama. Mwaka 1951 Lois na mwenzake walianzisha vikundi vya ndugu wa walevi, kwa sababu waliona kwamba mlevi anapopata dawa yake, waliokaa naye nao wana kidonda chao na si kilekile.

Kuhusu mafundisho ya mchungaji wenu, namheshimu, wala sitaki ugombane naye. Ila nenda kasome habari za Yusufu taratibu, kuanzia Mwanzo 41. Alipozaliwa mtoto wake wa kwanza alimwita Manase, akasema Mungu amemsahaulisha taabu yake yote na nyumba yote ya baba yake. Alisema mwenyewe, na naamini alisema kweli kwa kadiri alivyojijua. Kisha ndugu zake wakaja kununua chakula. Na yule aliyesahau akawatambua papo hapo, akajitenga nao akalia. Maandiko hayamkemei kwa machozi yale. Hayasemi Manase alipewa jina la uongo.

Tena angalia alivyofanya. Hakuwakumbatia siku ile. Alimfunga Simeoni, akataka Benyamini aletwe, akaficha kikombe kwenye gunia la kijana huyo. Nilikuwa nikidhani Yusufu alikuwa anawatesa. Siku hizi nadhani alikuwa anasikiliza kitasa. Alitaka kujua kama ndugu hawa, wakipata tena nafasi ya kumwacha mtoto wa Raheli mikononi mwa Wamisri wakaenda zao, watamwacha. Yuda, yuleyule aliyetoa wazo la kumuuza, akasema nichukueni mimi mtumwa badala ya kijana. Hapo ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia. Na hata baada ya kulia wote shingoni, Yakobo baba yao aliishi Misri miaka 17, na alipokufa wale ndugu waliogopa upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Yusufu akawatuliza, lakini hakuwaambia "ah, yale si kitu." Aliwaambia kweli mlinikusudia mabaya. Alisamehe na mabaya akayaita mabaya, kinywa kimoja.

Kwa hiyo kama unaniuliza umenisamehe kweli au la, mimi si wa kulijibu hilo, na wala si mkopo ninaodai. Msamaha wa Mungu kwangu ni wa Mungu. Haukuwekewa sahihi yako.

Na hapa nina jambo la kuungama ambalo hujaniuliza. Mwaka 2012 nilipewa nafasi ya ushuhuda ibadani. Nikaeleza jinsi nilivyokuwa na jinsi nilivyotolewa, watu wakapiga vigelegele, mimi nikanogewa. Nikasema, "Hata binti yangu, aliyekaa pale, amenisamehe na amesahau yote." Watu wakageuka kukuangalia. Ulitabasamu. Mama, sikuwa nimekuuliza. Hata jina la ulichotakiwa kukisamehe sikuwa nimekutajia. Nililichukua jeraha lako nikalivaa kama ua kwenye koti la ushuhuda wangu, nawe ukafungwa na maneno niliyoyasema mimi. Wiki hii nimejiuliza mara nyingi kama lile la "nilishasema nimekusamehe" ulilisema wewe, au nilikusemea mimi siku ile na hukupata tena nafasi ya kulikataa.

Hatua ya tisa inatutaka tuwaendee tuliowaumiza na kurekebisha, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine. Zamani nililiruka hilo la "isipokuwa". Nilikuja kwako kutubu ili mimi nipumue. Leo nayafuta maneno yangu ya 2012. Mzee wa kanisa nimeshamwambia, na ukiniruhusu nitasema mbele ya usharika uleule kwamba nilikusemea bila idhini. Usiponiruhusu nitanyamaza, maana habari ni yako.

Nakuomba umweleze mumeo kuhusu kitasa. Hana kosa, naye atakuwa anajiuliza. Na utafute mtu wa kukusikiliza wewe, mtaalamu wa afya ya akili pale hospitali ya mkoa au mshauri nasaha mwenye mafunzo. Nitalipa mimi, na safari hii ada itafika. Kusali usiache, lakini usisali ukijipiga kifua kwamba imani yako ni ndogo. Zaburi ya 34 inasema Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Haisemi yu karibu nao waliokwisha kupona.

Ukikasirika, kasirika. Ukitaka mwaka mzima nisije, mama yako atakuja peke yake na ndizi, nami nitasubiri huku.

Ule ufunguo wa nyumba yenu mlionipa Krismasi, mama yako anao kwenye mkoba. Nimemwambia akurudishie mkononi. Nikialikwa, nitapiga simu nikiwa bado stendi, nitakuja mchana, nitabisha hodi nje ya geti na kusimama hapo mpaka wewe mwenyewe useme karibu.

Msalimie mumeo. Mbusu mtoto.

Baba yako