Saa ya jua bustanini haisemi kweli: niiondoe?

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu alituletea kutoka London saa ya jua ya shaba, nasi tukaisimamisha juu ya nguzo ya saruji katikati ya maua, hapa Dar es Salaam. Inapendeza, ila haipatani na saa ya ukutani, na mwanangu wa miaka kumi hachoki kuniuliza sababu. Je, irekebishwe, au ibaki pambo tu?
Mama wa mdadisi

JIBU: Ndugu msomaji, saa yako si mbovu, iko ugenini. Bamba lile la pembetatu linalotupa kivuli huinuliwa kwa kadiri ya latitudo ya mahali, na kwa kuwa London iko nyuzi 51.5 kaskazini ilhali Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hapa bamba lingepaswa kulala karibu sambamba na ardhi, ncha iliyoinuka ikielekea kusini, na namba zikizunguka kinyume cha zile za saa ya ukutani. Hata hayo yakifanyika, tofauti haitakwisha, kwani saa rasmi ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo jua huipita takriban dakika 23 kabla ya kuifikia Dar es Salaam.

Hata hivyo, nakushauri usiiguse. Saa iliyo sahihi hutazamwa ikasahaulika, lakini hii imemfanya mtoto aulize, na swali lake linastahili kujibiwa kwa mikono yake mwenyewe. Mpe kijiti kilichonyooka, akisimike wima mahali pasipofikiwa na kivuli cha mti, kisha kila saa aweke jiwe pale ncha ya kivuli inapoishia. Usimdokezee atakachokiona. Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri kitalala upande wa kusini, na Desemba upande wa kaskazini. Akishaligundua hilo, mwachie abuni saa yake, iwe ya vigae au ya vifuu vya nazi, na ikipenda ihesabu saa moja asubuhi kama tunavyohesabu sisi. (Jiandae kupoteza vigae kadhaa.)

Karibu na tarehe 10 Oktoba, asikose kuwa bustanini mnamo saa sita na dakika kumi mchana, jua litakapokuwa utosini na kijiti kikakosa kivuli. Mawingu yakimnyima nafasi hiyo, hali hiyo hutokea tena mwanzoni mwa Machi, ila safari hiyo asubiri hadi saa sita na nusu hivi, na sababu ya tofauti hiyo ya dakika aitafute mwenyewe.