Rangi ya boti na matumbawe

SWALI: Mhariri, boti zetu za faiba tunazikwangua tumboni kwenye kina kifupi karibu na mwamba, maji yakitoka. Unga mwekundu unazama. Je, una madhara?

JIBU: Ndiyo, tena makubwa. Wekundu huo mara nyingi ni oksidi ya shaba, sumu iliyotiwa makusudi ili mwani na viumbe vya magamba visishike. Haichagui: shaba ya makumi machache tu ya mikrogramu kwa lita moja ya maji hutosha kuzuia mayai ya baadhi ya matumbawe yasirutubike. Tumbawe kubwa linaweza kuonekana zima kabisa, ila halizai.

Vipande vya rangi iliyokwanguliwa ni vibaya kuliko rangi iliyo botini, kwani hukaa mchangani vikitoa shaba polepole. Mwaka 2000 meli iligota mwamba wa matumbawe wa Sudbury Reef, Australia. Ikabidi rangi iliyobanduka iondolewe mwambani.

Pandisheni boti juu ya alama ya maji ya bamvua. Tandikeni turubai, kingo ziinuliwe kwa mbao. Lowesheni kabla ya kupiga msasa. Msasa mkavu hurusha vumbi hadi baharini na mapafuni, kwa hiyo barakoa na glavu ni lazima. Maji machafu yaacheni yatuame, tope likusanywe ndooni pamoja na vipande. Msiuchome uchafu huo wala kuufukia ufukweni (kosa tunaloliona mno). Ulizeni halmashauri pa kuupeleka. Rangi mpya ikauke kwa saa zilizoandikwa koponi kabla ya kushusha boti.