Rada ya 24 GHz juu ya slabu: droni, kunguru na feni ya jirani

Mkuu, nimesoma swali lako nikacheka, maana ni mimi mwenyewe wa mwaka juzi. Unasema moduli yako ya rada ya 24 GHz inamwona mtu hadi mita 100, bodaboda ndiyo usiseme, lakini droni ndogo ya rafiki yako ikiruka mtaani haionekani kabisa, na geini (ukuzaji wa mawimbi yanayorudi) umeshaipandisha hadi mwisho. Ishushe. Geini inapaza kila kinachorudi, na mtaani vinavyorudi kwa nguvu ni kuta, mabati na magari.

Hesabu kwanza. Mwangwi wa rada hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Mtu mzima anaakisi kama mita moja ya mraba hivi, droni ndogo kama sehemu moja ya mia ya hapo. Mzizi wa nne wa 100 ni 3.16, kwa hiyo mita zako 100 zinabaki kama 32. Mimi siku nzuri nilifika 35. Ukiambiwa moduli ya namna hiyo inaona droni kilomita moja, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Yangu niliifunga juu ya slabu, ghorofa ya nne, Upanga, Dar. Masafa ya mawimbi (frikwensi) yanapanda kutoka 24.00 hadi 24.25 GHz, kwa hiyo kila hatua ya umbali ni sentimita 60. Chirpu moja, yaani mpando mmoja wa masafa, ni mikrosekunde 200. Nakusanya 256, napiga FFT (hesabu ya kutenganisha masafa) ya umbali, halafu FFT ya pili ya kukatisha chirpu ili nipate kasi; hapo natoka na ramani ya umbali na kasi. Unapata hadi mita 15.6 kwa sekunde kila upande, kitu kikija au kikienda, kwa hatua za sentimita 12 hivi. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kizembe: sikuweka dirisha kabla ya FFT, yaani kufifisha data taratibu mwanzoni na mwishoni. Bila dirisha kila mwangwi mkubwa una mikia pembeni, na mkia wa kwanza uko desibeli 13 tu chini ya kilele (kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu). Gari linaakisi kama mara 1,000 ya droni, yaani desibeli 30. Piga hesabu mwenyewe nani anamfunika nani. Dirisha la Hann liliishusha mikia hiyo hadi desibeli 31 chini ya kilele, na ukisogea mbali na kilele inaporomoka haraka. Kilele kilinenepa kidogo, nikaona si kitu.

Halafu usikimbilie kufuta kila chenye kasi sifuri. Wengi wanatoa wastani wa chirpu zote ili kuta zipotee, na zinapotea kweli, ila droni iliyotulia hewani nayo mwili wake unaondoka nazo. Yanabaki mapanga yanayozunguka. Rafadha yenye mapanga mawili ikizunguka mara 100 kwa sekunde inamulika mara 200, na kwenye ramani unaona mistari iliyoachana kwa Hz 200, ambayo kwa 24 GHz ni mita 1.25 kwa sekunde. Imepangana kama meno ya kichana. Ni hafifu, maana mapanga ni ya plastiki.

Kichana hicho ndicho kilichonitesa wiki mbili. Kila usiku nilikuwa na "droni" mita 23, imetulia, haisogei hata sentimita, mistari pande zote za sifuri. Nikampigia rafiki yangu mwenye kibali cha kurusha nikimtambia. Usiku mmoja nimekaa na laptop, moduli inakula chaji yake, umeme ukakatika mtaa mzima. Droni nayo ikazimika. Jenereta la jirani likanguruma, baada ya dakika moja droni ikarudi hewani. Kumbe feni ya nje ya AC yake!

Toka siku hiyo sitafuti chochote kabla ya kurekodi mtaa mtupu saa nzima, mchana na usiku. Kila seli ya ramani, yaani kisanduku kimoja cha umbali na kasi, inatunza historia yake, na kigeni kinapimwa dhidi ya historia ya seli ile ile. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hilo.

Mabati ya uzio yanazaa mizimu: bajaji inapita barabarani, pacha wake anapita ndani ya nyumba ya jirani. Mizimu hiyo naifuta kwa ramani ya kawaida ya mtaa, basi.

Kwenye kizingiti cha kuamua kipi ni kitu na kipi ni kelele, CFAR ya wastani (njia inayopanga kizingiti kwa wastani wa seli za jirani) itakuangusha, maana bodaboda ikiingia seli za jirani wastani unapanda na droni inazama. Hamia ile ya kupanga kwa cheo aliyoitoa Hermann Rohling mwaka 1983: panga seli za jirani kutoka ndogo hadi kubwa, chukua iliyo kwenye robo tatu. Na usilegeze mkono kwenye kengele za uongo. Seli 128 kwa 256 ni 32,768, na kwa fremu (chirpu 256) ya milisekunde 51.2 unapima seli 640,000 kila sekunde. Ukiruhusu kosa moja kwa 10,000, ni kengele 64 kwa sekunde. Mimi naruhusu moja kwa milioni, na kitu lazima kionekane katika fremu tatu kati ya tano.

Sasa kunguru. Wa Dar mnawajua. Kwa rada ukubwa wao haupishani sana na wa droni, kasi vilevile. Fremu moja haiwatofautishi, usijidanganye. Niliunganisha fremu hadi sekunde mbili: bawa linapiga mara chache tu kwa sekunde, alama yake inapanuka na kusinyaa polepole, wakati droni inabaki na mstari wake na kichana chake. Kunguru anayeteleza bila kupiga bawa bado ananishinda. Jioni wakianza kurudi mitini huwa nazima mtambo nikanywe chai.

Weka hapa rekodi ya mtaa wako bila droni, hata dakika kumi tu, tuone una AC ngapi.