Jibu: Besi inavuma chumbani, maneno ya mwimbaji yanapotea

Habari mkuu. Umesema chumba chako hapo Nyegezi ni mita 3 kwa 3, sakafu ya vigae, spika ziko kwenye kona na besi inameza maneno ya mwimbaji.

Kabla hujanunua chochote, toa spika konani. Kona huikuza besi. Zisogeze walau nusu mita kutoka ukutani, nawe usikae katikati kabisa ya chumba wala kuegemea ukuta wa nyuma. Chumba cha mraba kina tabu yake: pande zote mbili zinavuma kwenye masafa yaleyale, kwako karibu hezi 57 (mitetemo 57 ya sauti kwa sekunde), ndiyo maana hata kusogeza kiti kidogo utasikia tofauti.

Kisha piga kofi. Likirudi kwa mlio mkali, tandika zulia nene, tundika pazia zito. Mtu apitishe kioo cha kujitazamia ukutani. Utakapoiona spika ndani yake ukiwa umekaa, hapo ndipo sauti inapogonga ukuta na kukurudia, basi weka godoro la sponji. Trei za mayai achana nazo, besi haziigusi kabisa. Kwangu Kirumba, kochi kubwa na kabati la vitabu vimesaidia zaidi.

Dari hujataja. Kama ni bati tupu, mvua ikianza utazima redio tu. Tupia picha.