Waulize Kama Wanamsubiri wa Mwisho

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mtu aliye likizoni ugenini na anayependa baiskeli, ajiunge na kikundi cha wenyeji au aendeshe peke yake? Mimi nasema ajiunge. Ramani ya simu itamwonyesha njia fupi, lakini haitamwambia kwamba malori huifuata njia hiyo hiyo asubuhi nzima, wala kwamba akizunguka kidogo atapata lami nzuri na kivuli. Hayo wanayajua wanaopita huko kila wiki. Ila kabla hajajitokeza kuna swali la kuwauliza, na si lile ambalo wengi wetu hulikimbilia.

Tunalokimbilia ni, "Mnakwenda spidi gani?" Unajibiwa kilomita 28 kwa saa, unapiga hesabu zako kichwani, unaogopa au unajipa moyo. Namba hiyo inapotosha kotekote. Kwenye tambarare, anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake hukingwa upepo na anaweza kuokoa robo ya nguvu zake, au zaidi. Ndiyo maana mtu ambaye akiwa peke yake anahangaika kufika 24 unamkuta ndani ya kundi anakwenda 28 na bado anapiga soga. Mlimani mambo hugeuka. Spidi ikishuka hadi 10 au 12, kukingwa upepo hakukusaidii tena kitu cha maana. Kila mtu anapandisha uzito wake mwenyewe, na hapo ndipo mgeni anapoachwa. Wastani wa safari nzima haukwambii lolote kuhusu mlima huo.

Kwa hiyo waulize: "Wa mwisho mnamsubiri?" Kikundi kinachosubiri kweli hakitajibu "ndiyo" kikaishia hapo. Kitakutajia mahali, labda juu ya kilima au kwenye njia panda fulani, na kitakuonyesha nani anafunga mkia siku hiyo. Huyo ndiye wa kumuaga ukiamua kukatisha, wasije wakakusubiri bure. Kikundi kisichosubiri nacho hakina kosa, mradi kikwambie mapema. Wapo watu wanaokwenda kufanya mazoezi makali na hawajaahidi kumlea mtu. Jibu ninaloliogopa ni lile la "usijali, utatuweza tu." Ukilisikia, weka njia nzima kwenye simu kabla hamjaondoka, maana kurudi utarudi mwenyewe.

Ipo misafara ambayo haikupi wasiwasi huo. Critical Mass, iliyoanzia San Francisco mwaka 1992 na kuenea katika miji mingi duniani, kwa kawaida hufanyika Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Mwendo wake ni wa taratibu, na hata baiskeli ya kapu mbele inatosha. Kwa wenye pumzi ndefu kuna safari za Audax: kilomita 200 ndani ya saa 13 na nusu, vituo vya kupigiwa mhuri njiani, na hakuna anayetangazwa mshindi. Kwa mgeni asiyejua atawekwa fungu gani, hizi mbili ni mlango mzuri.

Mkishaanza kwenda, tafuta pa kukaa. Mbele si pako hata kama miguu unayo, kwa sababu hujui kona inayofuata. Mwisho kabisa nako kunachosha kuliko watu wanavyodhani: walio mbele wakipunguza kidogo kwenye kona na kuongeza tena, wa nyuma hulazimika kukimbizana kuziba pengo, kona baada ya kona. Kaa katikati kuelekea nyuma, kisha usome migongo. Kidole kikielekezwa chini, pana shimo. Mkono ukipita nyuma ya kiuno na kupunga upande, pembeni kuna kitu, labda gari lililoegeshwa, sogea. Na mtu anaposimama juu ya pedeli ili apande kilima, baiskeli yake hurudi nyuma kidogo papo hapo. Ni kiasi kidogo tu, lakini kama gurudumu lako la mbele limeshaingia ubavuni mwa lake la nyuma, atakayeanguka ni wewe. Yeye huenda asijue hata kilichotokea. Acha nafasi mpaka umzoee huyo unayemfuata. Wakikupisha mbele kwa zamu, nenda kwa spidi ile ile uliyoikuta. Kuongeza mwendo ukiwa mbele ni ufedhuli, na mgeni husamehewa mengi ila hilo.

Halafu breki. Uingereza, mkono wa kulia kwa kawaida hushika breki ya mbele. Marekani na Ufaransa ni wa kushoto. Ukikodi baiskeli katika nchi nyingine, mikono yako itafanya ilivyozoea siku ambayo hutapata muda wa kufikiri. Zunguka mahali patupu, ufunge breki moja moja, mpaka mikono ijue. Upande wa barabara wa kuendeshea pia: kwenye kundi utawafuata wenzako bila shida, hatari inakuja mkishatawanyika na wewe unakata kona ya mwisho peke yako, umechoka.

Mimi pedeli zangu nasafiri nazo. Hazichukui nafasi, na viatu vyangu vinakubaliana nazo. Anayezifungua kwa mara ya kwanza ajue kwamba ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Kumbuka tu kuwa zote mbili hufunguka spana ikizungushiwa kuelekea nyuma ya baiskeli. Andika pia kimo cha kiti chako, kutoka katikati ya mhimili ambao mikono ya pedeli huuzunguka hadi juu ya kiti, upime baiskeli ya kukodi kabla hujaitoa dukani. Sentimita mbili pungufu magoti yatazidai baadaye.

Bima ya safari isome kabla, kwa maana baadhi hazigusi chochote kinachofanana na mashindano. Na mwulize mwenye duka baiskeli yake ina valvu ipi, ile nyembamba yenye kikofia kidogo cha kulegeza kwa vidole au ile nene kama ya gari. Kundi zima linaweza kuwa na tyubu za akiba na pampu, lakini tundu la rimu lililotobolewa kwa valvu nyembamba halipitishi ile nene.